Kiatu Kimoja Mlangoni mwa Karakana

Nina jambo ambalo sijamwambia mama, wala dada yangu ninayelala naye chumba kimoja, wala yeyote hapa kazini. Mwezi uliopita nilikuwa nimeamua kuacha kazi. Hata siku nilikwisha kuichagua. Nalitaja mwanzoni kwa sababu bila hilo siwezi kumweleza vizuri mtu tunayemuaga, na kwa sababu kwangu mimi kuandika ni rahisi kuliko kusimama mbele ya watu.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, Fundi Kiatu anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha uchapaji kwa miaka thelathini na minne. Ni fundi wa kompyuta, ingawa wageni wakilisikia jina lake hudhani vingine. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua kalenda zake alilisikia likiitwa koridoni, na kesho yake akarudi na ndala iliyokatika mkanda. Fundi hakumsahihisha. Aliipokea, akaibandika kwa gundi ya migongo ya vitabu, akamwambia aiache ikauke kwanza. Mteja huyo bado anachapisha kalenda zake kwetu.

Fundi alianza kama mpakuzi wa karatasi ghalani. Kompyuta za kwanza zilipoletwa, zilikaa kwenye maboksi wiki nzima kwa kuwa kila mtu aliogopa kuwa wa kwanza kuzigusa. Meneja wa wakati ule alimwona akisoma maandishi ya ubavuni mwa boksi wakati wa chakula, akampeleka kusoma ufundi. Aliporudi alipewa chumba kilichokuwa stoo ya mifagio, na hicho ndicho karakana yetu mpaka leo. Wazee wa kitengo cha kukata karatasi bado humtania kwamba alitoka kwenye boksi akaingia kwenye kabati.

Kazi anayoheshimiwa zaidi ni ile ambayo wengi hawajui kuwa ipo. Ndani ya kila kompyuta kuna ubao mkubwa unaobeba vyote, tunauita ubao mama, na ndani ya ubao huo imekaa programu ndogo iitwayo BIOS. Hiyo ndiyo huamka kabla ya chochote, ikaiamsha diski, kibodi na kioo. Mara chache hubidi kuiweka upya, kwa mfano ubao wa zamani unapokataa kifaa kipya. Ya zamani hufutwa na mpya huandikwa mahali pake, na katikati ya hapo ubao haujui lolote, hata kuwaka. Umeme ukikatika dakika hiyo, ubao unabaki kuwa sinia la chuma tu.

Kwa hiyo Fundi ana utaratibu wake. Kwanza huuliza kama kuna sababu, maana kompyuta inayoamka vizuri yeye haigusi kwa ajili ya upya tu. Kisha husoma jina na toleo la ubao juu ya ubao wenyewe, kidole kikiwa pale pale. Yeye boksi haliamini. Huweka faili kwenye flashi, huunganisha betri ya akiba, halafu huvua kiatu cha kulia na kukiweka nje ya mlango. Baada ya hapo hukaa mbele ya kioo na kuikalia mikono yake.

Sote tunajua maana ya kiatu kile. Mama Chai akikiona huchomoa birika la umeme, kwa sababu birika hilo likikutana na mashine ya kuunganishia vitabu hukata umeme wa upande wetu wote. Wapiga chapa hupita kwa kunyata. Mlinzi mmoja mpya alidhani kiatu kimepotea, akakipeleka getini. Fundi alipomaliza kazi ilimbidi avuke uwanja mzima mguu wa kulia ukiwa na soksi tu, na mlinzi akataka ushahidi kwamba ni chake, naye akainua mguu wa kushoto. Mkewe, ambaye kiwanda kizima kinamwita Shemeji, anasema hahitaji kumuuliza siku ilikwendaje. Anatazama soksi ya kulia.

Mimi nililetwa karakana nilipomaliza shule, nijifunze ili nishike nafasi yake. Nilipenda kusikiliza na kusafisha vumbi, lakini kugusa ubao kulinitoa jasho. Fundi alikuwa ananionyesha, nami nasema nimeelewa, na nilikuwa nimeelewa kweli. Ila mikono ilikataa. Niliona siku zake zikiisha na mimi sijafanya kitu peke yangu, na nikawaza kwamba kiwanda kitabaki na kompyuta nyingi na msichana mmoja mwenye kitambaa cha vumbi.

Siku niliyoichagua, nilifika na funguo za karakana mkononi ili nimkabidhi na kuomba radhi. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno yangu njia nzima. Nikakuta kompyuta inayoendesha mashine ya kutengeneza mabamba ya kuchapia imefunguliwa mezani. Diski yake ilikuwa imekufa, na ubao ulikataa kuitambua diski mpya mpaka BIOS ibadilishwe. Ubao wa aina hiyo hauuzwi tena. Vitabu vya shule vilikuwa vinasubiri mabamba, na vijana wa mitambo walikuwa wamekaa juu ya mafungu ya karatasi wakipiga soga.

Kabla sijafungua mdomo, Fundi alisema, "Leo ni wewe. Vua kiatu."

Akatoka, akaketi na Mama Chai kwenye benchi la koridoni, akaniacha.

Nilisoma toleo la ubao nikiwa nimeliwekea kidole. Nikarudia. Nikakiweka kiatu changu nje, nikaona aibu kwa sababu soksi yangu ilikuwa imetoboka kidoleni. Nikabonyeza. Mstari ukaanza kujaa polepole kwenye kioo, ukafika mwisho, halafu kioo kikazima. Feni zilivuma kwa nguvu. Kioo kilikuwa cheusi kabisa.

Nilisimama. Sitaficha, nilikuwa naondoka. Kulikuwa na mlango wa nyuma unaotokea kwenye majaa ya karatasi, na miguu yangu ilishageukia huko. Ila mguu wa kulia ulikanyaga sementi, ikawa baridi, nikakumbuka kiatu kiko upande wa pili, mbele ya watu. Nikaketi tena. Nikaikalia mikono yangu. Feni zikatulia zenyewe, maandishi meupe yakatokea, na diski mpya ikasomeka jina lake.

Fundi aliingia akiwa amekibeba kiatu changu. Aliangalia kioo, kisha akaziangalia funguo nilizokuwa nimeziacha mezani, akanieleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu zaidi ya Shemeji. Mara yake ya kwanza kioo kilizima vivyo hivyo, naye akakimbia. Alishuka ngazi, akapita getini, akafika nyumbani na kumwambia mkewe kwamba kazi imekwisha. Asubuhi alirudi kukabidhi funguo, akamkuta katibu muhtasi anachapa barua kwenye kompyuta ile ile, akimuuliza mbona jana aliondoka bila mwavuli. Haikuwa imekufa. Ilikuwa inajiwasha upya, kama zinavyofanya zote.

"Tangu siku ile navua kiatu," alisema. "Wao wanadhani ni kwa ajili ya birika. Mwanangu, huwezi kukimbia mbali ukiwa na kiatu kimoja."

Nilimuuliza kama bado anaogopa. Alisema ndiyo, kila mara, na ndiyo maana anaikalia mikono. Funguo akanirudishia bila kuuliza nilizitoa kwa nini.

Mambo mengine aliyotufanyia mnayajua: vijana aliowafundisha ambao sasa wako viwanda vingine, mashine ya mabamba aliyoiweka hai kupita umri wake, na subira yake kwa sisi tunaomwaga chai kwenye kibodi na kusema hatujui imetokeaje. Kwa yote hayo, Fundi, kiwanda kizima kinakushukuru. Tunakutakia afya, usingizi wa mchana, na soksi mbili zinazochakaa pamoja.

Nilipomwomba ruhusa ya kuandika habari ya kiatu, alijibu kwamba karakana sasa ni yangu, na siri zake pia. Basi nimewapa ninyi mliosoma hadi hapa. Kuanzia wiki ijayo, mkikuta kiatu kidogo cha kulia mlangoni, chomoeni birika na mpite taratibu. Mgeni akiuliza, mwambieni ni kwa ajili ya umeme. Hayo mengine tafadhali yabaki kwetu, na zaidi ya yote asiyasikie mama.