Laptopu ya Ratiba Yagoma Kazi

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la mashine za kufulia, pale kona, mjini Thunder Bay, na asiyetujua basi hajawahi kufua nguo. Yupo Breki, mama aliyeendesha basi la shule mpaka akafukuzwa na uzee. Yupo Chama, mstaafu wa maghala ya nafaka, ambaye kwake kila jambo ni mgomo. Nipo mimi, mnunuzi wa kahawa, maana wenzangu wana mikono ya birika. Wa nne ni Eino Lahti, mzaliwa wa Finland, tunamwita Ratiba: Alhamisi supu ya njegere, Jumamosi sauna, lile bafu la mvuke, na saa nne asubuhi benchini, theluji inyeshe isinyeshe. Jumanne ile alichelewa. Akaja kaikumbatia laptopu kama mtoto mwenye homa.

— Imekufa? Breki akauliza.

— Inakufa. Fundi anaitaka mchana, lakini kasema kwanza niwe na nakala, huenda akafuta kila kitu. Nimetazama kwenye kidude cha kuhifadhia nakala, jamani, tupu! Na sauti za Aili zote zimo humu ndani.

Aili alikuwa mkewe. Kabla hajafariki alijirekodi akiwasomea wajukuu hadithi. Tukavua kofia kwa heshima, ila benchi letu halijui kunyamaza sana.

— Si ulituringia umeipangia kazi? nikamwambia.

— Nimeipangia! akasema, akiifungua magotini. Kila Jumanne saa nne ijifagie, ijikague, inakili kila kitu kwenye kidude hiki. Tazama yenyewe inavyosema: mara ya mwisho kufanyika, haijawahi!

— Ni ile saa moja ambayo serikali hutusogeza mbele kila mwezi wa tatu, Breki akatoa hukumu. Saa nne yako imemezwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu la nani sasa?

— La saa.

Chama akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

— Acheni porojo. Hiyo imegoma. Kazi kila wiki, mshahara hakuna, chai hakuna! Hata mimi ningegoma. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki na laptopu wapi na wapi, we mzee? Breki akauliza.

— Ungeikunja ilipokuwa mpya!

— Ikunjwe mara ngapi? Si hiyo hukunjwa kila siku?

Nikaona wananiacha nyuma, nami sikubali kushindwa kwa uongo.

— Sikilizeni. Kina Eino Lahti kule Finland ni wengi, au siyo? Basi kazi zako zinapotea njia, zinafika kwa Eino wa kule. Laptopu yake inang'aa kama sahani ya Krismasi! Naye anashangaa, huyu bibi anayesoma hadithi humu ni nani?

— Mwizi mkubwa! Chama akaruka. Tumshtaki!

— Tumshtaki kwa lugha gani? Breki akauliza.

Ratiba hakucheka. Macho yalikuwa yamemjaa maji, nami nikaona haya kwa mdomo wangu.

Hapo akatoka dukani mama mmoja na kapu la nguo mbichi, mgeni kwetu. Ukelele wetu ulikuwa umemfikia mpaka ndani.

— Samahani, mzee. Hiyo Jumanne saa nne wewe huwa wapi?

— Hapa. Ndiyo maana nikachagua saa hiyo, nisiisumbue.

— Nayo inakuwa wapi?

— Nyumbani. Nimeifunika, nimeichomoa.

— Mimi kompyuta sizijui, mama akasema, ila mashine ya kufulia ukiichomoa, haifui.

Breki akatazama kahawa yake. Chama akakohoa.

— Na sasa hivi iko wazi magotini pako, mama akaendelea. Mbona hamuiambii inakili, mmekaa mnapiga kelele?

Jamani! Watu wazima wanne, na hakuna aliyefikiria hilo! Mama akatuvutia waya wa umeme mrefu kutoka ndani, Ratiba akachomeka kidude, akabonyeza. Ikaanza kunakili, polepole mno. Baridi ilituuma lakini hakuna aliyeondoka.

— Hivi kwa nini ulikuwa unaifunika? nikamuuliza.

— Mazoea tu, akasema.

Zilipokwisha kunakiliwa sauti chache za kwanza, akafungua moja, ahakikishe imefika salama. Aili akasikika akisoma habari za dubu na asali, sauti nyembamba, ya kucheka. Katikati ya dubu akakatiza hadithi:

— Eino! Ukitoka, ifunike hiyo mashine na uchomoe waya, utatuunguzia nyumba!

— Haya, Aili, Ratiba akaitika, na mkono wake ukaenda kwenye kifuniko.

— Usifunge! tukapiga kelele wote, tukamkamata mkono.