Ubao Usiopakwa Rangi wa Fundi Selestini

Ndugu Selestini Maganga, Fundi Mkuu wa Karakana ya Nyanda hapa Iyunga, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 1978 baada ya kuitumikia karakana hii miaka ishirini na saba na ushee. Ukiacha likizo zake halali, katika muda wote huo alikosa kufika kazini siku moja tu, Jumatatu moja ya mwezi wa pili mwaka 1976. Meneja alipomuuliza, alijibu kwamba alikwama kwenye tope. Jibu lilikuwa la kweli, ila lilikuwa nusu. Kwa kuwa leo tunamuaga, na kwa kuwa ameniruhusu baada ya kuguna sana, nitaieleza ile nusu iliyobaki.

Mimi ni Sekela wa stoo. Wenzangu wamenitwisha kazi hii kwa hoja kwamba hakuna aliyegombana na Fundi Selestini mara nyingi kama mimi. Siwezi kubisha. Yeye aliamini kila nati iliyomo stoo ni yake, mimi niliamini ni ya karakana, na tumevutana hivyo tangu nilipoajiriwa mwaka 1967. Sasa anaondoka, na sijui nitamnunia nani asubuhi.

Ndugu Selestini ni mzaliwa wa Shinyanga, mtoto wa kwanza wa kiume wa Mzee Maganga, mfugaji. Alifika Iringa mwaka 1951, kwenye tawi letu la wakati ule, akapewa kazi ya kuosha vipuri kwa dizeli. Mikono ilimchubuka, lakini macho yake yalikuwa kwa mafundi, na haikuchukua muda akawa anafungua giaboksi mwenyewe. Iringa ndiko alikomuoa Roza, ambaye sote tunamwita Mama Helena. Mwaka 1966, malori ya mafuta ya kwenda Zambia yalipoanza kutuelemea, akahamishiwa huku Mbeya. Ni malori mangapi yaliletwa hapa yakivutwa yakaondoka yakinguruma, hilo waulizeni madereva, maana wengine wanadaiwa shukrani hadi leo.

Ana vituko vyake. Hapendi kabisa kusikia mtu akisema injini imekufa. Kwake injini inaumwa, au imesusa. Huipigapiga boneti taratibu na kuisemesha Kisukuma, mpaka madereva wa Tukuyu wakalalamika kwamba malori yao hayaelewi tena Kinyakyusa. Chai ya rangi anaiita maji ya rejeta. Ameinywa mara moja tu, siku aliyotutembelea mgeni kutoka makao makuu, na uso wake siku ile hatujausahau.

Lakini alikuwa na jambo ambalo halikuwa la kuchekesha. Kwao, kijana wa kiume anapokua, baba humtengea ng'ombe na kuwapiga chapa ya ukoo kwa chuma cha moto. Hapo ndipo mtu anapohesabika kuwa wa boma lile. Selestini alipoaga kwamba anakwenda kutafuta kazi ya magari, Mzee Maganga hakumtengea hata ndama. Alimwambia aende na vyuma vyake, kwani chapa yake yeye haipigwi kwenye chuma. Kijana akaondoka na kauli hiyo, akaishi nayo zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka 1972 ukoo mzima ulihama na mifugo kufuata malisho, ukashukia Usangu. Fundi wetu alipopata habari kwamba baba yake yuko karibu hivyo, alishindwa kula mchana ule. Mwaka uliofuata akapanda basi, akaenda. Mzee alimpokea vizuri, akampa kigoda na maziwa, kisha akamuuliza ametokea wapi na safari yake inaelekea wapi. Hayo ni maswali anayoulizwa mgeni. Alirudi Iyunga siku ya pili yake, akaenda nyuma ya nyumba yake kulitazama gari bovu alilokuwa nalo.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya Chevrolet ya mwaka 1948, mali ya mkulima mmoja wa tumbaku wa Iringa aliyeondoka akaliacha. Lilikaa nyuma ya tawi letu mpaka kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Selestini alipohamishwa, wenzake wa Iringa walitaka kumpa zawadi ya kumuaga. Akaomba hilo. Walidhani anatania. Likapakiwa juu ya lori la mbao, na waliposimama Mafinga, maseremala walitoka kulitazama huku wakishika mbavu kwa kucheka. Mmoja wao, Bartholomeo, hakucheka. Huyo mkumbukeni, atarudi.

Tangu aliporudi kutoka Usangu, kila alipotoka kazini alikuwa chini ya pikapu ile. Kwenye kambi ya wakandarasi wa barabara kuu aliwahi kuona picha ya kalenda, pikapu kuukuu iliyokatwa paa, imelazwa karibu na ardhi, matairi ya nyuma mapana, nyekundu tupu. Alitaka hiyo. Wakandarasi walipofunga kambi waliacha gari lao dogo lililopinduka mteremko wa Kitonga, na ndani yake mlikuwa na injini ya V-8, nzima. Aliwaomba, wakampa. Kuiingiza kwenye pua ya Chevrolet ilikuwa vita. Alikata na kuchomelea upya vishikio vya injini, akafupisha propela shafti, akabadili difu, akaitengeneza rejeta kwa kuunganisha mbili. Paa la kibini alilikata kwa msumeno wa mkono, akapunguza kimo chake kiganja kizima, kisha akairudisha kofia ile mahali pake bila alama ya mshono. Springi akazilaza. Mama Helena alisema nyumba yao ina wake wawili, na mwenzake ndiye anayepakwa mafuta.

Bodi ya nyuma ilikuwa ya bati, na ilikuwa bado nzuri. Akaing'oa. Akamwendea Bartholomeo kule Mafinga, akaagiza bodi ya mbao za paini. Nilimuuliza mwenyewe sababu, akasema mbao ni nyepesi, gari litakimbia. Mwezi wa kwanza mwaka 1976 likapakwa rangi nyekundu kote, mbao pamoja na bati, isipokuwa ubao mmoja wa mlango wa nyuma, uliobaki mweupe vilevile ulivyotoka kwa randa. Sote tuliamini rangi ilimwishia. Nilimletea kopo lililobaki stoo, kwa hiari yangu, jambo ambalo mjue si la kawaida. Alinishukuru, akaliweka kando.

Kwenye lami gari lile lilikuwa raha tupu. Lilitoka Iyunga hadi Uyole likitoa mlio mzito wa chini uliowafanya watu waache kupima mahindi sokoni. Watoto waliliita Kifupi. Sisi tulijivuna kana kwamba tulilitengeneza wote.

Mwezi wa pili Joachim, mdogo wake Selestini, alipita hapa kutoka mnadani. Alileta habari kwamba macho ya Mzee yanazidi kufifia, sasa anaona vivuli tu, na kila mwezi kinapungua kitu. Mama Helena alishauri wangoje kiangazi. Fundi alisema kiangazi baba hataona kitu. Alitaka Mzee aione kazi ile mara moja kwa macho yake, ajue mwanawe hakwenda kupotea. Basi Jumapili alfajiri wakaondoka, yeye na mkewe mbele, mimi nyuma kwenye mbao na magunia yangu matupu, maana nilikuwa nimepania kununua mchele.

Hapa ndipo penye kosa, na ni kosa ambalo angeweza kulifanya mtu wa karakana hii tu. Nani hapa Iyunga huinua springi za malori yanayokwenda kubeba mpunga Usangu? Ni yeye. Nani huwafokea madereva wanaoshusha gari masika? Yeye huyohuyo. Na gari lake mwenyewe alikuwa amelilaza mpaka tumbo linakaribia kugusa barabara, akaliingiza kwenye udongo mweusi wa mbuga katikati ya mvua. Tulipoacha lami hatukufika mbali. Boma la Mzee tulikuwa tunaliona, moshi wake tunaunusa, na Kifupi kimekaa kwenye tope mpaka milangoni. Ile injini ya V-8 ilinguruma kwa hasira na kuturushia matope, haikusogea hata inchi.

Fundi alizima, akashuka, akasimama ndani ya tope kwa viatu vyake vya Jumapili. Sijawahi kumuona vile. Alisema polepole kwamba amemletea baba yake aibu kwa gari. Mama Helena alimshika mkono, hakusema nimekwambia, ingawa alikuwa na haki zote za kusema.

Joachim alituona, akaja na maksai jozi mbili, nira na mnyororo. Nyuma yake alikuja Mzee Maganga mwenyewe, akishikwa mkono na mjukuu. Macho yalikuwa yamekwisha kabisa, kuliko tulivyoambiwa. Alisimama pembeni, akasikiliza mnyororo ukifungwa, kisha akaanza kuwaita maksai kwa majina, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya mtu aliyefanya hivyo tangu utotoni. Wakavuta. Kifupi kikatoka kwenye tope kikilialia chini ya tumbo, kikaburutwa hadi mlangoni pa zizi. Joachim alicheka, akasema maisha yake yote hajaona ndama mvivu namna ile. Hata fundi alicheka, kwa shida.

Mzee hakucheka. Alisogea, akaweka viganja juu ya boneti, na ilikuwa ya moto. Alisema huyu ana homa. Akapita taratibu ubavuni, akipapasa kama anavyopapasa ng'ombe wa kununua, mbavu, mgongo, kwato. Alipofika kwenye paa aliuliza ni nani aliyemkata pembe. Selestini akajibu kwamba ni yeye, kwa msumeno wa mkono. Mzee akaurudia mshono ule kwa vidole mara kadhaa, akiutafuta, asiupate. Akasema hiyo ni kazi ya mtu mwenye subira. Kisha akafika nyuma. Kwenye rangi vidole vilikuwa vinateleza, kwenye ubao ule vikasimama. Akaunusa. Akauliza kwa nini hapa hapakupakwa.

Fundi Selestini, ambaye ana jibu la kila swali la dereva na la kila mkaguzi, aliweka mkono wake kwenye ubao karibu na wa baba yake. Alikuwa anaangalia chini. Ndipo mimi niliyembebea kopo la rangi nilipoelewa, na nikageuka kando nisionekane ninavyofuta machozi.

Saa nane ilikuwa imepita, na ile amri ya kubana mafuta, ya kutoendesha magari Jumapili baada ya saa hiyo, mnaijua wote. Tukalala huko. Asubuhi na mapema Jumatatu tulitakiwa kuondoka, na fundi alikuwa tayari amekwisha kukalia usukani. Mzee akatuma aambiwe azime gari, kwa sababu mambo ya zizi hufanywa kabla ng'ombe hawajafunguliwa kwenda malishoni. Pale motoni palikuwa na chuma cha chapa, chekundu. Selestini alitazama jua, akaniangalia mimi, tukajua sote kwamba kengele ya karakana itatukosa. Alizima.

Joachim aliuelekeza mkono wa baba yake. Mzee akaukandamiza ubao kwa chuma kile, moshi wa paini ukapanda, harufu yake ikatufikia wote. Alipokiondoa, chapa ya Maganga ilikuwa imekaa katikati ya ubao, nyeusi, imenyooka kuliko za wenye macho. Kisha Mzee akasema, mbele ya watu wa boma, kwamba mwanawe mkubwa amerudi na mnyama wake, na kwamba mtu akiliona popote hili jekundu ajue ni la hapa. Baada ya hapo akaomba apandishwe. Alizungushwa kuzunguka zizi kwenye kiti cha mbele, polepole sana, pale palipokauka, huku akitoa mkono dirishani. Fundi alikuwa anaendesha na kulia waziwazi, wala hakujali nani anaona.

Hiyo ndiyo Jumatatu iliyokosekana, Ndugu Meneja. Mchele wangu niliupata pia, asante.

Wiki ileile fundi aliinua springi. Kifupi si kifupi tena, ila jina limebaki, na tangu hapo kimekwenda Usangu masika na kiangazi. Joachim anasema Mzee huitambua injini ile tangu ikiwa mbali, na huagiza mlango wa boma ufunguliwe kabla hawajaliona gari lenyewe.

Mwezi huu mafundi walichanga muda wao wa jioni, katika baridi hii ya Iyunga, wakalipiga gari msasa na kulipaka upya, kama zawadi yetu ya kumuaga. Rangi ilitoka stoo kwa ridhaa yangu na bila mabishano yoyote, na naomba hilo likumbukwe. Ubao wa nyuma hatukuugusa. Tuliufunika kwa gunia safi mpaka kazi ikaisha.

Ndugu Selestini, umetufundisha kazi, umetuchosha, umetuchekesha, na hakuna spana humu isiyokujua mkono. Tunakupenda, na si vibaya kuliandika. Jumatatu asubuhi kengele ya karakana italia na wewe hutaonekana. Itakuwa mara ya pili, na safari hii hakuna atakayeuliza uko wapi. Nendeni salama Usangu, wewe na Mama Helena, mpate afya, na maziwa msiyachanganye na chai ya watu wa mjini. Mzee Maganga atakaposikia injini na kuagiza mlango ufunguliwe, mpe salamu zetu. Mwambie mwanawe tulikuwa naye sisi, na tunamrudisha akiwa mzima.