Kitanda cha Asiyelia

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali, madaktari wetu, wauguzi wenzangu, mume na watoto wa Bi Balqees, ndugu wageni waalikwa: Assalaam alaykum.

Nimeambiwa niseme kidogo, na anayenijua anajua hapo nimeonewa.

Leo tunamuaga Bi Balqees baada ya miaka thelathini na tatu katika wodi ya wazazi ya hapa Maskati. Sifa zake mtazisikia nyingi. Mimi nna moja tu. Huyu kila akiingia zamu huanza na kitanda cha asiyelia. Kajifunza wapi hayo?

Kajifunza Uholanzi, alikokwenda kusomea uuguzi, akapanga chumba kwa mama wa Kiyahudi, Bi Judik. Wanazi walipoiteka nchi ile na kuanza kuwakamata Mayahudi kwenda kuwaua, Bi Judik alikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Dobi mmoja, si wa dini yake wala ukoo wake, akamficha chini ya ngazi nyumbani kwake. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yule dobi alimweka miaka miwili na miezi minne, na lau wangekamatwa, wangeangamia pamoja.

Siku moja askari wakaja kupekua. Bi Judik katika kukimbilia maficho akaanguka, mkono ukavunjika. Viatu vinapanda ngazi juu ya kichwa chake, naye kauma nguo, hatoi sauti. Wakaondoka bila ya kumwona.

Vita vilipokwisha akenda hospitali, mkono umeunga kombo na unamuuma vibaya. Wauguzi wakampita siku mbili, kwa kuwa halii. "Nilijifunza kunyamaza," alimwambia Bi Balqees, "nikasahau kulia."

Sasa nisikilizeni. Mwaka 2001 mimi Jumana nilikuwa mgeni kazini, na wallahi nikijiona najua. Tulikuwa na wazazi wawili. Mmoja wa mtaa wa Darsait, mayowe yake mpaka mtaa wa Ruwi wanayasikia. Mwengine wa kijiji cha Yiti, kimya. Nikamkimbilia wa mayowe. Bi Balqees akanishika mkono: "Mwanangu, huyo analia, ana pumzi. Twende kwa huyu." Alipofunua shuka, godoro limeroa damu.

Mzazi yule ni Bi Khole, amekaa safu ya pili, na pembeni yake Noof, aliyezaliwa siku ile. Simama, Noof, watu wakuone!

Naona fahari, na siifichi. Wanazi walitaka Bi Judik afutike duniani, na leo kila muuguzi wa wodi yetu hapa Maskati anafanya kazi kwa somo lake.

Jioni ya siku aliyozaliwa Noof, Bi Balqees alimpigia simu Bi Judik kumueleza. Bi Judik alikuwa bibi wa miaka sabini na sita. Akalia kwa sauti, kilio cha miaka yote ile, mpaka jirani akaja kugonga mlango kwa nguvu.

"Usikate simu," Bi Judik akasema. "Ngoja nikamfungulie."

Bi Balqees, Mungu akulipe kheri. Nanyi nyote, ahsanteni kwa kunitegea masikio.