Mwenye Kujisifu Asimame

Kwenye kona ya avenue ya kumi na mbili, komini ya Tshopo, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, na ubao huo una serikali yake. Kulia, Mzee Bilali anauza kahawa ya tangawizi. Kushoto, Alfani, anayeitwa Carte Mémoire, ana meza na kompyuta kuukuu, kazi yake kuwatilia watu miziki ndani ya simu. Katikati hukaa Carlos Guidon, mwenye toleka, baiskeli ya kubeba abiria, ingawa siku nyingi baiskeli imepumzika kama yeye. Na mwishoni, penye kivuli, hukaa Patrice, fundi wa mabegi na miavuli. Yeye wanamwita Juge, hakimu, maana neno lake ndilo la mwisho. Yeye ndiye aliyeandika ukutani kwa makaa sharti pekee la ubao: mwenye kujisifu asimame wiki mbili. Sharti lilitungwa kwa ajili ya Émile, aliyewasimulia bao lake moja la mpira kwa misimu miwili ya mvua. Émile alisimama siku tatu wenzake wamekaa, akanuna, akahamia kijiwe kingine hadi leo.

Alasiri hiyo kazi ilikuwa nzito. Alfani alikuwa amepaka kibao rangi nyeupe, anataka kiandikwe albamu kumi bora za hip hop za dunia nzima na nyakati zote, ili mteja akifika achague. Walikuwa wamebishana tangu adhuhuri, na thermos ya Bilali ilikuwa imebaki nusu.

Carlos alikuwa na kipimo chake: albamu hupimwa kwa kilomita. Ile inayokufikisha uwanja wa ndege wa Bangboka na mama wawili nyuma na gunia la mihogo, bila kuomba maji, hiyo ni albamu. Alfani akasema hapana, albamu hupimwa kwa uzito, na ile isiyojaza simu bado ni mutoto. Bilali, ambaye hip hop haimhusu ndewe wala sikio, alisema albamu nzuri ni ile ambayo mke wake Safiya haizimi.

– Safiya anazima hata habari, Carlos akamwambia.

– Njo maana minamuamini.

Basi Juge akawa anaamua na kuandika kwenye karatasi. Kisasi cha Mbu ikapewa nafasi ya tano. Ndoo Bila Mfuniko ilishushwa kutoka ya tatu hadi ya tisa, kwa sababu mwimbaji wake, ambaye kwenye albamu anatishia mji mzima, alionekana sokoni akiomba apunguziwe bei ya mikate kwa sauti ya upole. Carlos alitaka itolewe kabisa.

– Wazee walisema, haraka haraka haina baraka. Donc rapa lazima aende haraka.

– Hiyo methali inasema kinyume, Alfani akamjibu.

– Kinyume kwako. Weye hauendeshi toleka.

Nafasi ya kwanza haikuwa na ubishi. Ilikuwa Volume Trois. Na hapa ukweli usemwe, maana mficha uchi hazai: Volume Trois haikuwa albamu. Ilikuwa folda tu. Alfani aliikuta ndani ya kompyuta siku aliyoinunua, nyimbo kumi na tatu za watu kumi na tatu, zote bila majina, Piste 01 hadi Piste 13. Akaisambaza, mtaa ukaipenda, na hakuna aliyewahi kuuliza Volume ya kwanza na ya pili zilikwenda wapi. Wote waliapa kwamba roho ya albamu ni piste ya saba.

Patrice aliijua piste ya saba kuliko wote, kwa sababu ni yeye aliyeiimba.

Aliiimba akiwa na miaka kumi na tisa, kule Lubunga, ndani ya chumba kilichozibwa kwa magodoro ili kelele za nje zisiingie. Ilitoka kaseti, kaseti zikavuka mto kwa pirogi, zikaishia kwa watu, na baadaye sauti yake ikazama kama watu wengine wanavyozama mjini, kwa kazi na watoto. Halafu, miaka mitatu iliyopita, ameinamia mwavuli wa mtu, akasikia kutoka mezani kwa Alfani sauti yake mwenyewe. Sindano ilimchoma kidole. Tangu siku hiyo alikuwa anangoja mtu mmoja tu aseme, Juge, si ni weye huyu? Kusema mwenyewe hakuweza. Angesema, angekuwa amejisifu, na makaa yake yalikuwa pale pale ukutani. Zaidi ya ubao ule hakuwa na pa kukaa na watu.

– Bon, mwimbaji wa piste ya saba, Alfani akasema, tuandike nini?

Patrice akaacha kuandika. Akakohoa. Akasema, polepole, kwamba labda ni mutu wa hapa hapa. Akaligonga neno hapa mara mbili kwa mdundo ule ule wa wimbo, na kidole akakigonga ubaoni.

– Juge, kikohozi hicho ukitafutie dawa, Bilali akamwambia, akamwongezea tangawizi.

Carlos alikuwa na habari kamili. Mwimbaji ni mtoto wa Banalia aliyekwenda Ulaya kwa miguu, na pumzi ile aliipata jangwani. Alfani akamkatalia. Mwimbaji alikufa, akasema. Boti ilipinduka karibu na Basoko, na mamba waliomla walionekana siku tatu wakitikisa vichwa kwa mpigo. Patrice akasikia jinsi alivyoliwa, akanywa kahawa. Bilali naye, akitaka kuwapatanisha, akasema kwa maoni yake wale ni watu wawili, kwa sababu mutu mumoja hawezi kusema maneno yote yale bila kumeza mate. Mapacha, tena. Mmoja anavuta pumzi, mwingine anaitoa.

– Na wamekula lituma, Carlos akaongeza. Ndizi ile inashikilia tumbo.

– Mimi ninaona ni mutu mumoja, Patrice akasema. Na iko muzima.

– Unamujua?

Akafungua mdomo. Akautazama ukuta. Akafunga mdomo.

– Hapana, akasema, na aliona aibu kama mtu aliyemkana mtoto wake.

– Basi njo hivyo, Alfani akasema. Marehemu. Akachovya brashi kwenye rangi nyeusi, akaliandika neno hilo kwenye kibao.

Wakati huo Mama Lydie, muuza samaki wa Yanonge, alikuwa amesimama pembeni na beseni lake la samaki wa kukaushwa, anangoja Carlos akumbuke kwamba ni dereva. Hakuwa wa kijiwe na sharti lao hakulijua. Alikuwa amesikiliza piste ya saba yote, iliyokuwa ikicheza kwenye kompyuta, na sasa akamnyooshea Alfani simu yake.

– Papa, unitilie ule wimbo. Mwenye kuuimba anaitwa nani? Ninataka jina, si maisha yake.

Carlos akamtazama Alfani, Alfani akamtazama Bilali, Bilali akainamisha thermos, likatoka tone moja na mashapo. Miaka mitatu ya Volume Trois, jangwa, mamba na mapacha, na hakuna aliyekuwa na jina. Brashi ya Alfani ilianza kudondosha rangi.

Sheria ni msumeno, na huu Patrice aliuchonga mwenyewe.

Akaweka kikombe chini. Akasimama.

Mwanzoni walidhani anakwenda kukojoa. Lakini hakwenda popote. Alisimama mbele ya nafasi yake, mikono imening'inia ubavuni, anautazama ukuta. Carlos naye akautazama, midomo yake ikasoma yale maneno matano ya makaa. Alfani akaurudisha wimbo mwanzo. Pale sauti ya kijana ilipovuta pumzi, kabla ya ule mstari mrefu, kifua cha Juge kikapanda nayo, na midomo yake ikapita juu ya kila neno, hadi mwisho, bila kumeza mate.

– Mutu mumoja, Bilali akasema taratibu.

Carlos alitafuta methali, wallahi alitafuta, hakuipata. Akasogea akampisha Mama Lydie kwenye nafasi ile iliyo wazi, penye kivuli, akae.

– Wiki mbili, Juge, akasema.

– Wiki mbili, Patrice akaitikia. Machozi yalikuwa yanamtoka huku anacheka, na hakuyafuta.

Alfani akafuta neno Marehemu kwa kidole, akaandika jina.