Heaika Valle na Jiwe la Kwenye Filamu

Nimengoja magari ya wageni yaondoke. Karatasi mliyopewa kanisani ina wasifu wa marehemu Heaika Valle, baba yangu, ila niliupunguza makusudi. Sikuwaamini wale wageni wawili wa benchi la nyuma, wala baadhi yenu siwaamini sana. Sasa nausoma wote.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 kando ya ziwa Anár, huku kwetu kaskazini, mtoto wa pili wa mvuvi Sámmol na mkewe Elle.

Mwaka 1958 alipelekwa shule ya bweni. Huko walionyeshwa filamu ya msitu wa kaskazini, ambao msimulizi alisema hauna watu. Marehemu akanyoosha mkono: "Mwalimu, hapo ni nyuma ya choo chetu." Aliadhibiwa.

Mwaka 1974 alinunua kamera, akaanza kutengeneza filamu zake mwenyewe, za bundi, za dubu, na za wavuvi wa kwetu. Tarehe 24 Juni 1978 alifunga ndoa na Máret wa kijiji cha Ohcejohka, aliyekataa kuingia kanisani mpaka kamera ibaki nje. Wakanipata mimi, Risten.

Kisha ikaja filamu ya mwaka 1991. Ndani yake marehemu alionyesha jiwe la mababu, lile tunalolipaka mafuta ya samaki na ambalo mgeni haonyeshwi. Wageni wakamiminika kulipiga picha, na nyinyi mkamwita msaliti. Baba Mkubwa Ásllat, kaka yake, alikuwa akimwona tu mlangoni anaondoa birika la kahawa mezani. Filamu yenyewe mliisusa, hakuna aliyeitazama wala kuwafuata wageni kuona wanapiga picha wapi.

Marehemu aliugua kansa ya kongosho, akafariki nyumbani tarehe 11 Novemba 2023. Kesho yake Baba Mkubwa akaja jikoni kwetu.

"Alikwambia kwa nini alituuza?"

"Filamu uliiona, Baba Mkubwa?"

"Nikatazame aibu yangu?"

"Kaa hapo."

Nikaiwasha. Akatazama, akafuta miwani, akatazama tena.

"We Risten, hilo silo. Hilo tulikuwa tunapasulia samaki utotoni."

"Ndilo hilo la samaki."

"Kwa hiyo wale wageni wote wanainamia magamba?" Akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio. "Mbona hakusema?"

"Alinikataza hata mimi. Wageni waliamini ni lenyewe kwa sababu nyinyi mlikasirika. Angewaambia, mngeweza kujifanya?"

Jana Baba Mkubwa aliomba ashike jeneza upande wa kichwani, nikamkubalia, ingawa roho ilinisita.

Marehemu ameacha mjane Máret, binti mmoja, kaka mmoja, na jiwe la mababu ambalo hadi leo hakuna mgeni aliyeligusa. Wale wawili wamechukua chumba hotelini na kesho watapita kuulizauliza habari za jiwe. Wakiwafikia, endeleeni kumwita msaliti kama mlivyozoea, ndivyo alivyotaka. Naye apumzike kwa amani, maana kwetu hakuipata.