Ndumilakuwili Aliyekuwa na Mdomo Mmoja

Babu yetu mpendwa alizaliwa tarehe 9 Agosti 1950, katika nyumba ya mlinda njia, pale reli inapokatiza barabara. Alikuwa mtoto wa tatu wa baba mlinda njia na mama mshonaji.

Shuleni alifika darasa la saba, na maswali yake yaliwachosha walimu. Siku treni ya kwanza ya umeme ilipopita bila injini ya kuivuta, alimkimbilia baba yake. "Baba, kichwa kiko wapi?"

"Huku na huku, mwanangu. Ndumilakuwili hiyo!"

Mtoto akaliimba neno hilo wiki nzima, hadi likamganda yeye mwenyewe.

Tarehe 2 Februari 1971 aliajiriwa katika karakana ya treni za abiria za mjini. Alianza kwa kufuta vumbi kwenye mota zilizojificha chini ya mabehewa, akapanda hadi udereva. Wajukuu tulielezwa mara nyingi: mwisho wa njia, treni haigeuzwi. Dereva anachomoa funguo, anatembea jukwaani hadi chumba cha upande wa pili, anachomeka, na mkia unakuwa kichwa. "Na umeme ukishapita, babu, unaenda wapi?" "Nikijua nitawaambia."

Alipopeleka posa kwa bibi, mama mkwe aliuliza kijana anaitwaje kazini. Mjomba wa babu, aliyeipeleka posa, akaropoka, "Ndumilakuwili."

"Basi! Binti yangu haolewi na mnafiki!"

Posa ikarudi. Babu hakubishana, alimwomba tu mama huyo apande treni yake mara moja, tena behewa la mwisho, mbali naye. Akapanda, uso kaukunja. Mwisho wa njia, dereva huyo hapo, funguo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"We! Umenifuata mpaka mkiani?"

"Sijakufuata, mama. Mkia ndio umekuwa kichwa. Ndumilakuwili ni gari. Mimi nina mdomo mmoja tu, na jina lililomo ni la binti yako."

Mama alicheka hadi kilemba kikaanguka. Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 1975.

Kuanzia mwaka 2019 kumbukumbu zilimshuka moja moja, kama abiria. Akatusahau sisi, kisha bibi. Bibi alikaa miguuni pa kitanda kila siku, akitaka kitu kimoja tu: atambuliwe kabla kifo hakijawatenganisha. Asubuhi ya tarehe 11 Mei 2024 babu alimgeukia.

"Mama, hapa ni mwisho wa njia. Hushuki?"

"Sishuki. Namngoja dereva."

Babu akatabasamu. "Umekaa mkiani, kama mama yako."

Bibi akahamia upande wa kichwa, akamshika mkono. Adhuhuri ile babu akafariki.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, vitukuu wawili na dada yake mmoja.

Upande huu ameshachomoa funguo. Sasa anatembea jukwaani, taratibu, kama kawaida yake. Tumwache afike, apumzike.