Mwalimu Banzi na Sayari Saba za Nyota ya Mbali

Marehemu Mwalimu Deogratias Banzi alizaliwa Nyandira, Mgeta, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa Mzee Fransisko na Mama Maria, wakulima wa njegere, ambao wote wametangulia mbele za haki. Alisoma shule ya misheni hukohuko milimani, akasomea ualimu, kisha akafundisha fizikia miaka thelathini na minne, mingi yake Mzumbe, hadi alipostaafu mwaka 2011.

Mwaka 1979 alifunga ndoa na Bi Winfrida. Walijenga Mafiga, wakajaliwa watoto wawili, Josephina na Shukuru.

Mwaka 2017 alisikia redioni kwamba nyota moja ndogo nyekundu, ambayo mwanga wake husafiri miaka arobaini hadi kutufikia, ina sayari saba. Habari hiyo ilimteka kabisa. Aliweka kabichi uani iwe nyota, akapanga njegere saba kuizunguka. Kuku wa jirani akadonoa ya tatu. Mwenye kuku, Bwana Mwinshehe, alikuja na uso mzito: "Shikamoo, Mwalimu. Nasikia kuku wangu kala dunia ya watu." Marehemu alicheka hadi kofia ikamdondoka.

Mwaka 2022 mapafu yake yalianza kusinyaa. Alitibiwa hospitali mbili, lakini maji yalikuwa yamezidi unga. Kila habari ya nyota ile Bi Winfrida alimsomea kutoka kwenye simu yake, maana swali la marehemu lilikuwa moja tu: huko kuna hewa? Sayari ya kwanza, wataalamu hawakuona dalili. Ya pili, vilevile. Ya tatu nayo hivyohivyo. Bi Winfrida alisoma huku akimsikia mumewe akihangaika na pumzi, asiwe na la kufanya, si kwa huko wala kwa hapa.

Tarehe 9 Novemba 2025, alasiri, akiwa kitandani kwake, marehemu aliuliza, "Ya nne je, Mama Josephina?"

Wataalamu walikuwa hawajatoa jibu. Bi Winfrida alishika simu iliyozimika, akasema, "Ina hewa, Baba Josephina. Ya kutosha."

Marehemu alishukuru, na jua halijazama akawa ametutoka.

Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano. Mjane ameomba uongo ule usomwe hapa mbele yenu, kwa kuwa katika miaka arobaini na sita hakuwahi kumdanganya mumewe, na sasa hana tena wa kumwomba radhi.

Mungu ampumzishe Mwalimu wetu kwa amani.